Nyoka wa Pampu ya Pili

Koh, koh, koh. Bomba la jikoni lilikohoa mara tatu, likanyamaza.

Inspekta alikuwa ameshateremsha miguu sakafuni kabla kikohozi cha tatu hakijaisha. Nje bado kulikuwa kiza. Katika ujia wa kwenda jikoni akasikia mguu ukigonga chuma, kisha sauti ya mama yake.

"Kitanda hiki! Baba yako katangulia miaka mitano, kitanda chake bado kinanipiga teke."

Kilikuwa kitanda cha kukunja, kimeegemezwa ukutani tangu msiba, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kukitoa.

"Maji yametoka, mama?"

"Yatoke wapi? Upepo mtupu. Bomba limepata pumu." Mama alikuwa amelikingia bomba kikombe, kama mtu anayembembeleza mtoto aliyesusa kula. Alipoona hakuna kitu alichukua chupa ya plastiki juu ya kabati, akamtia mwanawe mkononi. "Haya ndiyo ya mwisho yaliyo safi. Na yule mzee mliyemfungia, amekunywa?"

"Mama, hayo ni mambo ya kazi."

"Sikuuliza kama ameiba. Nimeuliza kama amekunywa."

Inspekta alivaa viatu akiwa amesimama, mguu mmoja mmoja, akatoka na pikipiki ya kituo kabla chai haijafikiriwa.

Mji mzima ulikuwa macho. Ndoo zilipangwa foleni kwenye mabomba makavu, wenyewe wamekaa juu yake. Tangu Jumanne alasiri pampu ilipovunjika, hospitali ilikuwa inaishi kwa tangi lake la akiba, na leo Ijumaa tangi hilo lilikuwa limebaki na maji ya kina cha kiganja.

Kituo cha pampu kilikuwa ukingoni mwa mto. Mhandisi alikuwa amefika kabla yake, shati limepigwa pasi, buti zinang'aa kama hazijawahi kukutana na tope. Alimsogezea faili na kalamu.

"Sahihi yako tu, Inspekta. Mwendeshaji wa zamu, yule mnayemwita Mzee Sikio, alitoka getini saa nane na dakika ishirini. Kitabu cha mlinzi hicho. Saa tisa kasoro dakika tano shafti ikakatika. Saa tisa na dakika tano ndipo yeye karudi. Pampu ikifia mikononi mwa mtu ambaye mikono yenyewe haipo, nyinyi polisi mnaitaje?"

"Tunaita swali."

"Mimi naita hujuma. Mpwa wake ana lori la kuuza maji. Umeelewa sasa?"

Inspekta hakugusa kalamu. "Na pampu ya kwanza?"

"Nzima kabisa, ni ya akiba; mafundi wamemaliza kuiunganisha jana usiku. Saa saba mchana tunaiwasha mbele ya wakubwa. Nataka saa hiyo faili liwe limefungwa na yule mzee awe njiani kwenda mahakamani."

"Hiyo nayo ikivunjika?"

"Itavunjwa na nani? Mvunjaji mnaye ndani."

Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Inspekta aliomba kuona pampu iliyokufa. Ilikuwa imelazwa sakafuni katika karakana, tumbo wazi, na gurudumu lake la kusukumia maji kando. Alipiga magoti akalipapasa. Lilikuwa na vitobo vingi, kama gunzi lililoguguniwa na panya.

"Mchanga," akasema Mhandisi. "Uzembe wake."

Inspekta alichokonoa kitobo kwa njiti ya kibiriti, akaonyesha ncha: kutu. Kisha akaenda kwenye shafti, pale ilipokatika. Paling'aa.

"Pamekatika Jumanne, sikatai. Lakini vitobo hivi vina kutu ya miezi. Kidonda ni cha zamani, Mhandisi. Cha Jumanne ni kifo tu. Twende nikaone maji yanakoingilia."

"Karani atakupeleka. Mimi nina simu." Na kweli akainua simu, ingawa haikuwa imelia.

Karani, kijana mwenye miwani, alimtembeza nyuma ya jengo akichagua pa kukanyaga. Mfereji ulikuja kutoka mtoni umenyooka kama rula, hatua thelathini au zaidi. Halafu, hatua tatu kabla ya kisima ambamo pampu zilinywea maji, ulipinda ghafla kama goti. Ukuta wa kwenye pindo ulikuwa mpya, saruji yake nyeupe kuliko nyingine, na nyuma yake kulikuwa na banda la magari.

"Pindo hili ni la lini?"

"Mwaka jana. Magari ya wakubwa yalikuwa yanachomwa na jua."

Inspekta aliinama juu ya kisima. Ukutani ukungu wa kijani ulikuwa umeacha alama mbili ndefu, kama vile kitu bapa kilikuwa kinaelea hapo kwa muda mrefu. Juu ya kila alama palikuwa na pete ya chuma, na kwenye pete ya kushoto kamba imekunjwa vizuri, ikazungushwa mara mbili na ncha yake kuchomekwa ndani, kama mtu anavyomalizia msuko wa nywele. Kamba ilikuwa imefunguliwa kwa subira, haikukatwa kwa kisu.

"Nini kilikuwa kinaelea hapa?"

"Sijui, afande. Mimi huku siji." Karani alikuwa amesimama mbali, macho kwenye majani. "Pana nyoka."

"Nani kamwona?"

"Mzee Sikio mwenyewe. Kaandika."

Kitabu cha zamu kililetwa. Mwandiko wa Mzee Sikio ulikuwa mkubwa, wa mtu aliyesoma kidogo na kuheshimu kila herufi. *Nyoka ameonekana kisimani, pampu ya pili.* Siku nne baadaye: *Nyoka tena, mnene.* Inspekta alihesabu nyoka kumi na mmoja katika miezi minne. Kisha, miezi sita iliyopita: *Nyoka amelala.* Baada ya hapo hapakuwa na nyoka, hadi mstari wa mwisho, Jumanne, saa nane na dakika kumi mchana: *Nyoka ameamka. Nimepunguza valvu. Mhandisi yuko kikaoni.*

Alirudi nyuma, akafuata kwa kidole safu ya kina cha mto.

"Karani, hebu nisaidie. Nyoka huyu hatoki mpaka pampu ya pili iwe inafanya kazi, na mto uwe umeshuka chini ya alama ya nne. Mara zote kumi na mbili. Ni nyoka gani huyu anayesoma kipimo cha maji?"

Karani alikuna kichwa. "Labda amesoma shule."

"Mlifanya nini mliposoma haya?"

"Tuliandika barua, afande, tukaomba wauaji wa nyoka." Akaitoa kwa fahari. "Ilipita ofisi tatu. Majibu yalifika wiki jana, na Jumatatu tukatekeleza."

Inspekta alisoma amri kwa sauti. "Majani yafyekwe. Dawa imwagwe. Mbao, magunia na takataka zote zinazoweza kuficha nyoka ziondolewe." Akarudia neno moja. "Mbao."

Hakusubiri kuagwa. Mlinzi wa getini alimwonyesha njia aliyoshika Mzee Sikio Jumanne: barabara ya vumbi, inayopita ghala la saruji na kuendelea hadi kwa mpwa mwenye lori. Inspekta alikwenda kwa mpwa kwanza, maana faili lilimtaja. Lori lilikuwa limepandishwa juu ya mawe, halina hata gurudumu moja, na chini ya injini kuku alikuwa ameatamia mayai.

"Tangu lini?" akamuuliza mpwa.

"Kuku au lori?"

"Vyote."

"Lori miezi miwili. Kuku wiki ya pili. Afadhali kuku, yeye ana tarehe ya kumaliza."

Na kwa miguu, kutoka kituo cha pampu hadi kwa mpwa, ni mwendo wa saa nzima. Mzee alitoka kwa dakika arobaini na tano tu. Inspekta alimfuta mpwa katika daftari lake, akageuza pikipiki. Saa nne ilikuwa imepita.

Mzee Sikio alikuwa kwenye benchi la mahabusu, magoti pamoja, kofia juu ya magoti. Walimpa jina hilo kwa sababu alikuwa na nondo yake: ncha moja aliiweka kwenye mashine na ya pili sikioni, akasikiliza kama mkunga anavyosikiliza tumbo.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Maji yametoka?"

"Bado. Jumanne ulikwenda wapi?"

"Nje."

"Nje ni kubwa, mzee."

"Ndiyo maana nikachelewa kurudi."

Inspekta aliketi, akasimama tena, akazunguka benchi. "Mzee, saa saba wanakupeleka mahakamani, na saa hiyo hiyo wanawasha pampu ya kwanza."

Kofia ilianguka. "Wanawasha? Wamerudisha..." Akajizuia.

"Wamerudisha nini?"

Mzee alitazama miguu yake.

"Basi niambie nyoka ni nani."

Mzee aliinua uso taratibu. "Umesoma kitabu changu?"

"Chote."

"Umekuwa wa kwanza. Nipe chupa yako na kisu, na kikombe."

Akakata chupa ya mama yake Inspekta katikati, baada ya kumimina maji yote kikombeni asipoteze tone. Ile nusu yenye mdomo akaigeuza juu chini, akaziba mdomo kwa kidole, akampa Inspekta kikombe. "Mimina katikati, pole pole." Akaachia kidole. Maji yalishuka kwa utulivu ndani ya ile nusu ya pili. "Sasa mimina tena, ila kwa ubavu, maji yafuate ukuta wa chupa."

Inspekta alimimina kwa ubavu. Maji yakaanza kuzunguka. Katikati pakabonyea shimo, shimo likawa uzi, uzi ukateremka ukijinyonganyonga hadi mdomoni, na chupa ikanyonya hewa kwa sauti mbaya: *frrrup*.

"Huyo," akasema Mzee Sikio. "Nyoka wa upepo. Sisi waendeshaji ndivyo tunavyomwita tangu zamani. Pampu inataka maji, inapewa maji na upepo. Inakohoa, inatetemeka, inajitafuna. Zamani mfereji ulikuwa umenyooka, maji yanaingia kisimani kwa adabu. Maji ni kama mgeni, mwanangu. Mpe njia ataingia kwa mguu. Mpindishie mlangoni, ataingia kwa bega. Na mto ukishuka ndiyo kabisa, nyoka anaufikia mdomo wa pampu."

"Na alilalaje?"

Mzee alichukua kifuniko cha chupa, akakielekeza juu ya maji yanayozunguka. Uzi ulikatika. Sauti ikakoma.

"Mbao mbili. Nilizifunga zielee juu ya kisima. Upepo ukikosa pa kuingilia, nyoka hana mwili."

"Jumanne ukakuta hazipo. Ukapunguza valvu, ukaenda kuzitafuta. Ukazikuta?"

Mzee aliokota kofia yake, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo. "Mwanangu, mimi ni mtu mzima. Nikifungwa, nimefungwa mimi. Usinitume kumfunga mwingine."

Inspekta alikusanya maji yote kikombeni, akamkabidhi. "Mama yangu ameuliza kama umekunywa."

Alikunywa nusu. Nusu alimrudishia.

Saa tano na robo alikuwa tena getini kwa mlinzi, akitazama huku na huko kama mtu aliyepoteza funguo. Mzee hakumlinda mwizi asiyemjua. Alimlinda mtu anayemjua. Kisha akaona mifagio mitatu imetundikwa ukutani mwa kibanda, kila mmoja umefungwa kamba, mizunguko miwili, ncha imechomekwa ndani kama msuko.

"Mifagio hii ya nani?"

"Ya mama mfagiaji. Hajaja tangu jana, mama yake mzazi ni mgonjwa. Anakaa nyuma ya ghala la saruji."

"Mpaka pale ni mwendo gani kwa miguu ya mzee?"

"Dakika ishirini hivi."

Ishirini kwenda, ishirini kurudi. Zilibaki tano. Dakika tano za nini?

Kilikuwa chumba kimoja, kimefagiwa mpaka nje. Mama mfagiaji alipoona sare alikaa chini pale pale mlangoni. Ndani, juu ya matofali manne, kulikuwa na mbao mbili ndefu, pembeni zimebaki kijani cha ukungu. Juu ya mbao palikuwa na godoro jembamba, na juu ya godoro bibi kizee mdogo kama mtoto, macho angavu.

"Karibu, mjukuu wangu. Umetumwa na yule mwingine?"

"Yupi, bibi?"

"Mzee mmoja alikuja Jumanne na kofia. Alisimama hapo anahema, anatazama kitanda changu. Nikamwambia, baba, unaonaje, binti yangu kanitoa sakafuni, maji ya mvua hayanifikii tena. Akasema, mbao zimependeza. Nikakohoa. Akaninywesha uji uliokuwa hapo, kijiko kwa kijiko, akanifunika miguu, akaondoka mbio. Mtu mzima, anakimbia!"

Dakika tano.

Mfagiaji alikuwa analia bila sauti. "Karani alisema ni takataka, afande. Alisema ondoa kabisa. Nikaona ni mbao nzima, mama yangu analala chini. Mlinzi hakuwepo getini. Najua kanuni, kitu cha kituo hakitoki. Jumanne yule mzee kaniambia nje, nyamaza, usimwambie mtu. Usiku silali."

"Amri ya kuziondoa ipo kwa maandishi," akasema Inspekta. "Ina mhuri. Hukuiba, dada, umetumwa. Nitaandika hivyo, na ndivyo ilivyo. Lakini mbao hizi nazihitaji kabla ya saa saba."

Bibi alikuwa amesikia. Akaanza kujiinua kwa viwiko. "Zichukueni. Sakafu naijua, hatujagombana."

"Tulia hapo hapo, bibi." Inspekta alitoka nje, akapiga simu. "Mama, kile kitanda cha baba."

"Nani anakihitaji?"

"Bibi mgonjwa."

"Basi mwenyewe amepatikana. Mwambie akiangalie, kina teke."

Mkokoteni ulioleta kitanda, na juu yake shuka mbili ambazo hakuna aliyeziomba, ndio uliobeba mbao. Inspekta alipitia mahabusu, akamtia Mzee Sikio nyuma ya pikipiki, nondo yake kwapani na kile kikombe mkononi. Saa saba kasoro dakika nane waliingia getini, mkokoteni wa mbao ukiwa mbele yao. Wakubwa walikuwa wamekaa kwenye viti kivulini mwa banda la magari. Mhandisi alikuwa ameshaweka mkono kwenye swichi.

"Toa mkono hapo!"

"Inspekta, huyu ni mtuhumiwa!"

"Na huyu ni nani?" Alinyanyua chupa iliyokatwa, akaiziba, akamimina kile kikombe nusu kwa ubavu. *Frrrup.*

Mhandisi alitazama ule uzi wa upepo. Alikuwa mtu wa shule. Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Aliligeukia pindo la mfereji, ukuta mweupe, banda lenye viti.

"Kaandika nyoka," akasema. "Mara kumi na moja kaandika nyoka."

"Wewe ukafikiri nini?"

Alitazama buti zake safi. "Naogopa nyoka, Inspekta. Tangu utotoni. Mwaka mzima sijafika pale kisimani." Akageuka, na jambo hili Inspekta aliliandika pia, maana si kila mkubwa angelifanya: alikwenda mwenyewe hadi ukingoni, akapiga magoti topeni, akashika upande mmoja wa mbao. "Mzee, nielekeze. Kamba inafungwaje?"

"Legeza kidogo, mwanangu. Zielee, zisining'inie. Na mbao ni plasta tu, ukuta ndio ugonjwa."

"Ukuta utavunjwa Jumatatu. Magari yataungua."

Pampu ya kwanza iliwashwa saa saba na dakika ishirini. Mzee Sikio alitega nondo sikioni, akafumba macho. Wakubwa wote walimtazama yeye, si mashine.

"Inakunywa," akasema. "Maji matupu."

Katika faili Inspekta alikata neno hujuma kwa mstari mmoja, akaandika juu yake: *mfereji umepindishwa karibu mno na kisima, taarifa ilitolewa, haikueleweka.* Mhandisi alitia sahihi chini yake, mkono ukiwa na tope.

Ilibaki karatasi moja, maelezo ya bibi. Alasiri Inspekta alirudi nyuma ya ghala la saruji, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaandika neno kwa neno, pamoja na uji na kijiko, ingawa sheria haikuuliza uji. Bibi aliweka dole gumba kwenye wino, akalitazama, akacheka.

Uani, bomba likakohoa. Koh, koh. Mfagiaji alisimama ghafla. Likakohoa tena, likatema hewa, likatema kutu, kisha likaanza kumwaga, na watoto wa jirani wakapiga kelele.

Inspekta alikunja karatasi, akainuka. Bibi alimshika mkono kwa kidole chake chenye wino.

"Mjukuu wangu, utakuja tena? Uje na yule mzee wa kofia. Uji safari hii nitampikia mimi. Ila karatasi ziacheni huko huko."